Hesabu Mpaka Saba

Mkutubi wetu ana kanuni nne za kumsomea mtoto mdogo, na kila Jumamosi asubuhi huwaambia wazazi waliokaa mkekani: uliza, subiri, rudia, ongeza. Unamuuliza mtoto anaona nini kwenye picha. Unasubiri, unahesabu mpaka saba kimoyomoyo, hata kama ulimi unakuwasha. Akijibu, unarudia alichosema, halafu unamwongezea neno moja, moja tu. Mtoto akisema "paka," wewe unasema "ndiyo, paka mweusi." Kesho na yeye atakuja na mawili.

Nilikuwa nikimsikia kupitia mlango wa chumba changu cha nyuma, na nilikuwa nikicheka. Kazi yangu pale maktaba ya watoto ni kushona vitabu vilivyochanika. Nimeifanya miaka ishirini na sita, na wote wananiita Mama Gundi. Husemwa subira yavuta heri. Yangu mimi huvuta usingizi. Mtu akinyamaza mbele yangu kwa muda wa kupenga kamasi, nakuwa nimeshamjibia. Binti yangu alikuwa akiniambia, "Mama, wewe huulizi maswali. Unatafuta mashahidi." Alikuwa na mdomo, yule. Aliurithi.

Binti yangu huyo aliingia hospitali Jumatatu kwa miguu yake mwenyewe, akibishana na muuguzi kuhusu herufi moja ya jina lake. Alhamisi tulimtoa amefunikwa. Aliniachia mtoto wa kike wa miaka mitatu ambaye yeye mwenyewe alimpa jina la utani, Chiriku, kwa sababu alikuwa haishi kuongea. Akikosa mtu aliongea na kijiko.

Siku ya mazishi nilimwacha Chiriku kwa jirani. Jioni nilipokwenda kumchukua alinikimbilia, akatazama nyuma yangu, akauliza, "Mama yuko wapi?"

"Mama amesafiri," nikasema. Neno lilitoka lenyewe, sikuliita.

"Amesafiri kwenda wapi?"

"Mbali."

"Atarudi lini?"

"Hivi karibuni."

Kesho yake aliuliza tena, na kesho kutwa, na kila siku nilimjibu kabla hajamaliza kuuliza. Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa wiki tatu. Siku ya ishirini na mbili Chiriku hakuuliza. Hakuuliza wala hakusema neno lingine lolote, siku ile na zote zilizofuata, kwa miezi minane.

Daktari wa watoto alimtazama masikio, akamtazama koo, akanirudishia mtoto. "Kila kitu kinafanya kazi, mama. Hataki tu kukiwasha." Chekechea nao walimrudisha, walisema akianza kuongea nimlete, na kwamba muhula unafunguliwa baada ya wiki tano. Lakini si nafasi ya shule iliyokuwa ikininyima raha. Niliogopa kwamba sauti ya mjukuu wangu nimeiua mimi, kwa neno moja, na sikuwa na mtu wa kumwambia hivyo.

Basi nikameza kiburi changu, nikaenda kwa mkutubi. Ni dada mdogo tu, angeweza kuwa mdogo wa marehemu binti yangu. Alikuwa akipanga vitabu vya Jumamosi.

"Shikamoo, Mama Gundi. Umekuja kunicheka ana kwa ana leo?"

"Marahaba. Nimekuja kufundishwa."

Aliweka vitabu chini. "Kuhesabu mpaka saba ndiko kutakushinda wewe."

"Najua."

"Na neno moja, Mama. Neno, si hotuba."

"Nimesikia, mwanangu. Usinisimange na mimi nimekuja kwa unyenyekevu."

Kitabu alikichagua Chiriku mwenyewe. Alikuwa akishinda nami kazini, chini ya meza yangu, mahali ninapoweka vitabu vya kutupwa, na siku hiyo alitoka na kimoja akakikumbatia kifuani. Hakikuwa na jalada, kwa hiyo hakikuwa na jina, na ndani yake hamkuwa na maneno. Zilikuwa picha tu: nyumba moja, kila ukurasa chumba chake, na msichana peku anayepita chumba hadi chumba akimtafuta paka wake. Sebule, chumba cha kulala, ngazi, stoo. Mwishoni kabisa jiko, na paka amelala juu ya rafu.

Kati ya stoo na jiko palikuwa na ukurasa uliong'olewa. Zamani niliwahi kuanza kukitengeneza kitabu kile, na nilikuwa nimeshaweka pale karatasi tupu. Ndivyo tunavyofanya mafundi wa vitabu. Kitabu hakipendi pengo. Ukurasa mmoja ukitoka, mshono unalegea na wenzake wanaanza kuufuata, kwa hiyo unashona karatasi nyeupe mahali pa ile iliyopotea. Haipo pale ili isomwe. Kazi yake ni kushikilia nafasi.

Tulianza Jumatatu saa kumi alasiri, kazi zikiwa zimeisha, jua limelala juu ya meza yangu kati ya sufuria ya gundi na mashine ya kubania vitabu. Nilimpakata Chiriku. "Haya, mke mwenzangu. Hapa unaona nini?" Nikahesabu mpaka saba. Kimya. Nikafungua sebule, nikauliza, nikahesabu. Kimya. Ngazi, kimya. Kufika stoo, saba zangu zilikuwa zimeshakuwa sabini na nilitamani kutafuna meza.

Tulipofika kwenye karatasi tupu nilitaka kuiruka. Nikasema kwa mzaha tu, huku kidole kiko ukingoni, "Na hapa je, kuna nini?"

Chiriku akaweka mkono wake juu ya karatasi, akaikandamiza nisiifunue. Nikalazimika kuhesabu. Moja, mbili, tatu, nne, tano.

"Nani," akasema.

Sauti yake ilikuwa nzito kidogo, imekaa sana bila kutumika. Kanuni zote zilinitoka kichwani. "Unasema nini, mwanangu?"

Alitikisa kichwa, kama mwalimu aliyepata mwanafunzi mgumu. "Si nini, Bibi. Ni nani."

Nilipiga yowe. Mkutubi alikuja mbio akidhani nimejikata, tukakumbatiana na gundi yangu mikononi, tukamwaga machozi juu ya kichwa cha mtoto. "Amekusahihisha!" akasema. "Ni dalili nzuri sana. Kesho muulize hivyohivyo alivyotaka." Tulipokuwa njiani kurudi nyumbani ndipo jambo lile liliponigonga. "Kuna nini" tunauliza vitu. "Kuna nani" tunauliza watu. Na ukurasa ule haukuwa na kitu wala mtu.

Jumanne niliuliza alivyotaka. "Hapa kuna nani?"

Nilihesabu mpaka tatu tu. "Mama," akasema.

Nikapiga moyo konde. "Mama yuko wapi?"

"Yumo."

Mtoto wa miaka minne halikosei neno hilo. Aliye mbali yuko, aliye karibu yupo. Yumo ni wa ndani ya kitu. Alilisema akigonga karatasi kwa kidole, taratibu, jinsi mtu anavyogonga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Nilipaswa kurudia na kuongeza neno moja. "Ndiyo," nikasema, "mama yumo ndani." Hapo ningenyamaza. Lakini mtoto alikuwa amegeuka kunitazama usoni kwa mara ya kwanza katika miezi ile yote, macho yamemtoka, na furaha ikanifungua kinywa kama mfereji. "Amekaa kitini. Amevaa gauni lake la bluu. Lile la vifungo."

Jumatano nilipofungua ukurasa ule nilikuta kiti.

Hakikuwa kimechorwa. Karatasi ilikuwa imebonyea kwa umbo la kiti, miguu minne na egemeo, na ungeweza kukipapasa kwa kidole gumba. Mimi ni fundi. Najua karatasi ikilaliwa na kitu huchukua umbo la kitu hicho. Nikafunua ukurasa wa nyuma kutafuta kilichoilalia. Hakukuwa na kitu, na katika picha ya stoo hapakuwa na kiti. Ukingoni kulikuwa na rangi ya bluu, nyepesi sana, kama kitambaa chenye unyevu kimegusa pale na kuondoka.

"Mama amechoka kukaa," akasema Chiriku. Maneno matatu! Kwa maneno hayo matatu ningemsamehe hata shetani.

"Mama amechoka kukaa, amesimama," nikasema. Halafu nikaongeza, kwa sababu nilitaka liwe hivyo, "Mama anatabasamu."

Chiriku aliinamia karatasi kwa muda mrefu. Alipoinua kichwa alikuwa ameshangaa.

"Hana mdomo."

"Nini?"

"Hana mdomo, Bibi. Hujampa."

Mtu mwenye akili timamu angefunga kitabu pale pale, akakitia motoni. Lakini sasa nimeapa kusema ukweli, basi nauanzia hapa: sikuogopa vya kutosha. Mtoto alikuwa amerudi. Asubuhi ile njiani alisema "gari," alisema "mbwa," alisema "njaa," na nilinunua mkate nikampa wote. Kisha mimi pia nilikuwa na kiu yangu. Nilikuwa nimekaa miezi minane bila mdomo ule wa kunijibu.

"Mama ana mdomo," nikasema.

Siku iliyofuata sikupata hata nafasi ya kuuliza. Chiriku alifungua kitabu mwenyewe, akapita vyumba vyote bila kuvitazama, akalaza sikio kwenye karatasi.

"Mama anasema mlango umefungwa."

"Mlango upi?"

"Wa kwake." Akasikiliza tena. "Anasema, safari gani hii, haifiki?"

Maneno hayakuwa ya mtoto. Ile "gani hii" iliyoburuzwa mwishoni ilikuwa ya binti yangu, ndivyo alivyokuwa akiongea na foleni, na mvua, na mimi. Unaweza kusema mtoto aliihifadhi. Mimi pia nilijiambia hivyo, kwa muda wa kuvuta pumzi moja.

"Anasema ni wewe, Bibi," Chiriku akaendelea, bila hasira yoyote. "Ni wewe uliyesema asafiri."

Nilikifunga kitabu. Nilikifunga vibaya, kurasa zikajikunja, na nilipozinyoosha ndipo nilipoona viatu.

Msichana wa kwenye picha alikuwa peku. Nilikuwa nimemtazama siku nne mfululizo na nina uhakika, vidole vyake vyote kumi vilikuwa vimechorwa. Sasa alikuwa amevaa sandali, na mkanda wa ya kushoto ulikuwa umeshonwa kwa uzi mwekundu, mshono wa kukatiza, ule ninaoshonea migongo ya vitabu. Mwezi uliopita mkanda wa sandali ya Chiriku ulikatika. Niliushona mimi mwenyewe, mezani pale pale, kwa uzi mwekundu wa vitabu kwa sababu ndio uliokuwa kwenye sindano.

Nikafungua sebule: uzi mwekundu. Chumba cha kulala, ngazi, uzi mwekundu. Katika picha ya stoo msichana hakuwa tena akimtafuta paka. Alikuwa amezipa mgongo rafu zote, uso ameuelekeza kwenye ukurasa unaofuata, mkono mbele, kama mtoto anayesubiri kushikwa ili avuke barabara.

Sasa niliogopa vya kutosha.

Ijumaa asubuhi nilimpeleka Chiriku kwa mkutubi, chumba cha kusomea, nikamwomba amshike asije nyuma. Nikajifungia chumbani kwangu. Nia yangu ilikuwa kuikata karatasi ile kwa kisu na kuichoma. Huwezi kukata ukurasa vizuri kitabu kikiwa kinacheza, kwa hiyo nilikitia kwanza kwenye mashine ya kubania, mgongo nje, nikazungusha mpini. Mzunguko mmoja. Nikauongeza wa pili. Chuma kikalia.

"Mama Gundi!" Mkutubi alikuwa akipiga ukuta. "Mama Gundi, njoo! Mtoto!"

Nikasikia na sauti ya Chiriku, nyembamba, kupitia ukuta uleule. "Bibi, nabanwa."

Sijui niliufungua ule mpini kwa mikono mingapi. Ulipolegea, upande wa pili wa ukuta mjukuu wangu alivuta pumzi ndefu niliyoisikia mpaka pale nilipokuwa. Kisu nilikirudisha kwenye droo. Nilipofika kwao alikuwa amekaa mkekani, mikono kifuani, na mguu wake wa kushoto haukuwa na kiatu.

"Alikuja navyo vyote viwili," mkutubi akasema, akitazama huku na huku chini ya rafu. "Nilimwona, nina hakika. Kimekwenda wapi?"

Nilikaa chini, nikamweleza kila kitu. Kiti, bluu, mdomo, uzi mwekundu. Nilitegemea atanicheka, nilikuwa nimemcheka mimi miaka kadhaa. Hakucheka. Alivua miwani, akauliza jambo moja.

"Mama, Chiriku anajua kwamba mama yake amekufa?"

Kwa kawaida ningekuwa na jibu. Nilikuwa nayo mengi: bado mdogo, asingeelewa, kila mtu huwaambia watoto hivyo. Mkutubi alinyamaza, na niliona midomo yake ikisogea kidogo. Alikuwa akinihesabia. Alifika saba, akapita, na mimi sikusema kitu.

Siku ya mwisho ilikuwa Jumamosi, saa sita mchana, wazazi wameshaondoka na watoto wao, makombo ya biskuti yametapakaa mkekani. Mkutubi alisimama mlangoni. Chiriku alikaa mapajani mwangu na kiatu kimoja, maana cha pili hatukukipata. Nilitamani tupite vyumba taratibu, lakini kitabu kilifunguka chenyewe pale kwenye karatasi tupu, kama kinavyofanya kitabu kilichozoea kufunguliwa sehemu moja.

Haikuwa tupu tena. Kiti kilikuwa kimeanguka. Bluu ilikuwa imejaa katikati, na pembeni palikuwa na mstari mrefu ulionyooka na nukta moja, mlango na kitasa chake. Chiriku akaweka mkono. Nikaona ncha za vidole vyake zikipauka, zikawa nyembamba, mpaka sikuweza kusema kucha inaishia wapi na karatasi inaanzia wapi.

"Hapa kuna nani?" nikauliza. Sauti ilikuwa yangu lakini ilitoka mbali.

"Mama ananiita."

Rudia. "Mama anakuita," nikasema, na mara nikamhisi akiwa mwepesi mapajani. Hakuwa amejiinua. Uzito wake tu ulikuwa ukiondoka, kidogokidogo, kama unavyohisi kapu likipunguzwa vitu na mtu usiyemwona.

Ongeza. Maneno yalijaa kinywani yakisukumana. Usiende. Ngoja. Kesho. Atakuja yeye. Yote yalikuwa mazuri na yote yalikuwa ndugu wa lile la kwanza, "amesafiri," na nilijua kwamba lolote nitakalosema litakuwa kweli. Ndipo nilipofanya jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu nizaliwe. Nilisubiri. Moja. Mbili. Vidole vyake vilikuwa vimezama mpaka kiungo cha kwanza. Tatu. Nne. Nikamkumbuka binti yangu Jumatano ile, amenishika kiganja, akisema, "Mtoto usimfiche, Mama," na mimi nikisema, "Utapona, nyamaza." Tano. Sita.

Saba.

"Mama hakusafiri," nikasema. "Bibi alikudanganya. Mama yako alikufa, Chiriku. Aliumwa siku nne, akafa, tukamzika, na mimi sikukupeleka."

Halikuwa neno moja. Mkutubi hakunisahihisha.

Chiriku hakusogea. Kila kitu ndani yangu kilitaka kuongeza, kupaka asali, kusema mbinguni, kusema nyota. Nikauma ulimi, kweli kabisa, mpaka nikaonja damu. Midomo ya mtoto ilikuwa ikicheza na nikaielewa. Alikuwa akihesabu. Anajua mpaka tano tu, kwa hiyo alipofika tano aliirudia, tano, tano, ili zitimie.

"Mama amekufa," akasema.

Alikuwa amerudia. Halafu, kama alivyofundishwa, akaongeza neno moja.

"Amefika."

Karatasi ililia chini ya kiganja chake, mlio mdogo wa gundi inapokauka. Uzito wote wa mtoto wa miaka minne aliyekula vizuri ulirudi mapajani mwangu kwa mpigo, nikaguna. Kisha akalia. Alilia kilio cha miezi minane, mdomo wazi, kamasi na machozi, akimwita mama yake, na mimi nikalia naye kwa sauti palepale kwenye makombo ya biskuti, kwa sababu hata mimi sikuwa nimeambiwa mpaka siku ile.

Alipochoka alifunua ukurasa mwenyewe, kwa mkono uliolowa, mkono mzima wenye vidole vyake vitano. Karatasi iliyopita ilikuwa nyeupe na laini kama siku niliyoishona. Jikoni paka alikuwa amelala juu ya rafu yake, na msichana, peku, alikuwa akimnyooshea mikono.

"Paka," akasema Chiriku, kwa kwikwi.

"Ndiyo, paka mvivu."

Lakini chini ya rafu, karibu na mguu wa meza, ambapo hapajawahi kuwa na kitu, palikuwa na sandali moja ndogo ya kushoto yenye uzi mwekundu. Hiyo haikurudi. Nilimnunulia nyingine.

Sasa yuko chekechea. Juzi mwalimu wake ameniletea ujumbe akiuliza kama nyumbani tuna njia yoyote ya kumnyamazisha. Nimemjibu kwamba tunayo na hatuitumii tena. Nimempeleka kaburini mara mbili. Mara ya kwanza aliuliza maswali kumi na manne na nilijibu yote, mengine kwa kusema sijui.

Kitabu kiko kwangu, kwenye rafu ya juu, kati ya makopo ya gundi. Sijakitupa. Mchana wenzangu wanapokwenda kula, jua likiwa limelala mezani, wakati mwingine nakishusha. Nafungua pale kati ya stoo na jiko. Naweka mkono, nauliza kwa sauti ndogo, "Hapa kuna nani?" Halafu naanza kuhesabu.

Jana nilikuwa katikati ya kuhesabu Chiriku akaingia kutoka shule, begi mgongoni, akasimama mlangoni.

"Bibi, unasoma na nani?"

Kinywa changu cha zamani kilikuwa na jibu tayari. Nilikifunga, nikafunga na kitabu.

"Na mama yako," nikasema. "Lakini huwa naishia sita."